Mshale Uliokataa Kushuka

Kila Jumamosi asubuhi, kabla chai haijapoa, mkewe Fundi Mshale alikuwa akivua mashine yake ya sikio na kuiweka mezani, juu ya kisosi. Fundi naye alishusha kipima betri chake cha zamani kutoka juu ya kabati, akakifuta vumbi kwa ncha ya shati hata kama vumbi halikuwapo, akafungua kilango cha mashine kwa ukucha wa kidole gumba, akaitoa betri, ndogo kama punje ya dengu, na kuiweka kwenye tundu lake. Mshale ukiruka kwenda kwenye kijani, betri ni hai. Ukilala kwenye nyekundu, betri imekwenda zake, basi inatiwa mpya. Ilikuwa kazi ya kunywea nusu kikombe, lakini usingethubutu kumwambia kwamba ni kazi ndogo, maana angekukalisha chini akueleze mpaka ujute kuja.

Jina la Mshale alipewa dukani. Lilikuwa duka la miwani na mashine za masikio, orofa ya kwanza, juu ya duka la viatu, mwisho wa ukumbi mwembamba ambao taa yake iliwaka siku inapojisikia. Upande mmoja wa kaunta walikaa watu wa macho, upande wa pili watu wa masikio, na yeye alikuwa fundi wa masikio. Alianza kazi enzi zile mashine zilikuwa kubwa kama kibiriti, zinavaliwa kifuani na waya unapanda hadi sikioni. Enzi hizo kipima betri kilikuwa kitu cha heshima. Kilikuwa kiboksi cha plastiki nyeusi, kizito, chenye kioo kwa mbele na mshale mwembamba nyuma ya kioo. Nacho hakikubahatisha. Kiliibebesha betri mzigo kidogo, sawa na ule ambao ingebebeshwa na mashine ya sikio, ndipo kikaonyesha inavyojimudu. Betri iliyochoka, ukiipima bila kuitwika kitu, hujitutumua ikajifanya nzima, kama tunavyofanya wengi wetu mbele ya daktari.

Mwenye duka alipoleta vipimio vipya vya kuandika namba, vile vya zamani vikaamriwa kwenda jalalani. Fundi akavibeba vitatu hadi nyumbani ndani ya mfuko, amevikumbatia.

"Umeleta nini tena?" mkewe alimwuliza mlangoni.

"Wazee wenzangu. Wamefukuzwa kazi."

Kipima betri ndicho kilichomwozesha mke huyo, na hili alipenda kulisimulia kwa kila mtu, hata kwa watu waliofika kununua kamba ya miwani tu. Mkewe wakati ule alikuwa msichana aliyepoteza usikivu utotoni baada ya kuugua, akabakiwa na sikio moja lenye kuamka kidogo likisaidiwa. Alifika kaunta na betri mkononi. "Naomba unipimie, nadhani imekwisha." Mshale ukaruka kwenye kijani. Akashukuru, akaondoka. Siku mbili hazikupita akarudi na betri ileile, na mshale ukaenda palepale. Fundi, ambaye wakati ule alikuwa kijana mzito wa kuelewa, akamwambia kwa adabu zote, "Dada, betri yako ni nzima kabisa."

"Una hakika? Pima tena."

Alipokuja mara ya tatu, mwenzake wa upande wa macho alishindwa kuvumilia. "Wewe unapima betri," alisema, "mwenzio anakupima wewe."

Watoto hawakuja haraka. Ndugu wa mume walianza kwa kuuliza, kisha wakaanza kunyamaza, na kunyamaza kwao kuliuma kuliko maswali. Walipokwisha kuzoea kuwa wawili, ndipo akaja binti, mmoja tu, naye akaja na sauti ya kutosha watoto sita. Wakamwita Chiriku kwa sababu hakuwa na kituo. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea usingizini. Mama yake, ambaye watu wengi walimwongelesha kama wanamkaripia, hakuwahi kupata taabu kumsikia mtoto huyu. Na kila baba yake alipoinama kumbusu mama karibu na sikio, mashine ilipiga mluzi, kama zinavyofanya mashine hizo ukizikaribia mno, na Chiriku akaanguka kwa kicheko: "Mama anapiga mluzi! Baba, rudia!" Fundi alirudia.

Jioni akirudi kazini, kabla hajavua viatu, Fundi aliita kutoka mlangoni: "Chiriku wa baba!" Na popote alipo binti, jikoni, bafuni, kitandani na kitabu, ilitoka "Abee, baba!" ndefu, ya kuvuta, mpaka jirani wa ukuta wa pili akawa anaitikia naye kwa utani. Alipokuwa mtu mzima, akifanya kazi kwenye duka la picha na kurudi amechoka hoi, bado aliitika vilevile.

Na kile kipima betri kilikuwa na mkono wa Chiriku ndani yake. Vipimio vile vilitengenezwa kwa ajili ya betri za zamani, zile za zebaki. Zilipokuja hizi za hewa, rangi za nyuma ya mshale hazikusema kweli tena. Basi Fundi alikifungua kimojawapo, akakata karatasi mpya ya umbo lilelile, akachora mistari kwa penseli pale kijani inapoanzia na nyekundu inapoishia, kisha akampa Chiriku, aliyekuwa darasa la kwanza au la pili, apake kwa kalamu zake za rangi. Mtoto alipaka akiwa ametoa ulimi nje. Nyekundu aliipaka vizuri, ndani ya mistari. Kijani akakivusha mstari, kikaingia kwenye nyekundu upana wa ukucha.

"Umezidisha kijani," Fundi alimwambia.

"Makusudi. Ili zisife haraka, baba."

Kwa fundi mwingine karatasi ile ingechanwa. Yeye aliirudisha nyuma ya kioo kama ilivyo, na tangu siku hiyo akawa anajua kichwani mwake mahali mstari wa kweli ulipo.

Betri za hewa zina tabia zao, na ni lazima zielezwe kidogo. Huja na kibandiko mgongoni. Ukikibandua, hewa inaingia kwenye vitundu vidogo, na betri inazinduka. Lakini si hapohapo. Fundi aliwaimbia wateja jambo hili mpaka wakalikariri: usiifungie haraka, iweke mezani kwanza, ipe nafasi ivute pumzi. Wakishaitia, nayo ikifanya kazi kutwa, hudumu kama wiki. Na haizeeki polepole. Iko hai, iko hai, halafu imekwisha.

Kulikuwa na mzee mmoja waliyempachika jina la Babu Nini, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza katika kila mazungumzo. Siku moja Babu Nini alileta betri, Fundi akaipima, kijani. Akageuza macho, akatafakari.

"Babu, hii si ile niliyokuwekea kabla ya mvua?"

"Nini?"

"Nasema betri hii imeishi mno. Nani unamzimia?"

Mzee akachungulia ukumbini kuhakikisha mkwewe hajamfuata, akainama juu ya kaunta. "Mwanangu," alinong'ona, "yule mwanamke akianza kuhubiri, mimi nafungua kilango tu, mashine inazimika. Naona mdomo unakwenda, natikisa kichwa. Nyumba ina amani." Duka zima lilicheka, na Fundi alicheka zaidi ya wote. Jioni alikwenda kumsimulia mkewe na binti yake, akitia chumvi, na kwao pia walicheka.

Chiriku aliondoka kwa homa. Wiki ilianza akilalamika kichwa, na wiki haikuisha naye. Daktari alieleza, na Fundi akatikisa kichwa kama anayeelewa, lakini hakuna neno lililoingia. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia watu kwamba kuna vitu vinakwisha bila kuaga. Alikuwa akiyasema tu, kama mtu anavyosema habari za nchi asiyotarajia kufika.

Tangu siku ya mazishi hakulitaja jina la binti yake. Aliogopa kumtonesha mkewe, na kusema kweli aliogopa kujitonesha mwenyewe. Jambo hilo likamletea shida nyingine ambayo hakuiwazia: mkewe hakuwa na jina tena. Miaka yote hiyo alimwita Mama Chiriku, kwa furaha, kwa hasira, kwa usingizi. Sasa amwite nani? Alijaribu "mwenzangu," likawa kama anaongea na abiria wa kiti cha pili. Alijaribu "mama" peke yake, na ulimi ukataka kumalizia, akaukamata. Mwishowe akaacha kumwita kabisa. Akitaka kusema naye humgusa bega, ageuke, ndipo anaongea.

Na aliongea. Nyumba ilikuwa imekufa ganzi, na Fundi alijipa kazi ya kuizindua. Kila jioni alikaa mkabala na mkewe akamwaga habari za duka: mwenye duka aliyekalia miwani ya mteja, mama aliyeleta mashine iliyofuliwa na suruali, mzee aliyetafuna betri akidhani ni kidonge cha presha. Mkewe alimtazama usoni, akatabasamu panapostahili, mara moja moja hata akacheka. Fundi akalala kila siku na neno moja la kujifariji: maadamu ananisikia, hatujapoteana. Ndani yake alikuwa amekwisha, mtu mzima analia kwenye ngazi za duka la viatu kabla ya kufungua. Maongezi yale ndiyo yaliyokuwa yamemshikilia. Alikuwa amempoteza mtoto, na aliona wazi kwamba akimpoteza na huyu, hana tena sababu ya kuvua viatu mlangoni.

Aliliona jambo dogo, akalipuuza. Alipomkumbatia mkewe asubuhi, mashine haikupiga mluzi. Akajisemea labda ameivaa vizuri siku hizi.

Kisha Jumamosi moja mshale ukaenda kwenye kijani. "Bado ipo," alisema, akairudisha betri mahali pake. Jumamosi iliyofuata, kijani. Akakuna kichwa. Jumamosi nyingine, mshale ukaruka kwa nguvu zake zote, tena ukatulia huko juu kabisa.

Kwanza alikilaumu kipima betri. Alikifungua, akasugua vyuma vyake kwa kifutio cha penseli, akapuliza, akakifunga. Kijani. Akashusha vipimio vyake vingine viwili, kile cha taa na kile cha umbo la kalamu, vyote vikasema ni nzima. Akaichukua betri hadi dukani kwa siri na kuipima kwenye mashine mpya, na namba zikaandika yaleyale yaliyosemwa na mshale. Basi akailaumu mashine ya sikio. Labda imeharibika, haili umeme. Akaitilia mpira wa kusikilizia, akaiweka kwenye sikio lake mwenyewe, ikamletea saa ya ukutani kubwa kama nyundo. Mashine ilikuwa nzima kuliko yeye.

Palibaki jambo moja, na alilijua tangu mwanzo. Betri inayoishi hivyo ni betri isiyotumika. Akamkumbuka Babu Nini amejilaza juu ya kaunta akinong'ona, na safari hii hakucheka.

Jioni ile alimkuta mkewe jikoni akiosha vyombo. Akasimama nyuma yake, karibu kabisa, bila kumgusa.

"Nyumba inaungua," alisema, kwa sauti ya kawaida.

Maji yaliendelea kutiririka. Mkewe alisuuza sahani, akaiegemeza, akachukua nyingine.

Tusimfiche: alikasirika. Hakulala. Alizipitia jioni zote zile moja moja, yeye anavyochezesha mikono, anavyoiga sauti za wateja, anavyojichekesha ili mwenzake acheke, kumbe anaongea na ukuta wenye macho. Mkewe alikuwa hodari wa kusoma midomo tangu utotoni, hilo alilijua siku nyingi. Hakujua tu kwamba lingetumika dhidi yake. Amenizimia, alijiambia. Nami nimekuwa mkwewe Babu Nini. Chini ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa kubwa.

Jumamosi alikishusha kipima betri kama kawaida. Akaitia betri. Mshale ukaruka. Hakuirudisha. Alikigeuza kiboksi kikamtazama mkewe.

"Hii si betri ya wiki hii," alisema polepole, ili midomo isomeke. "Wala ya wiki iliyopita."

Mkewe aliutazama mshale, akamtazama yeye. "Ndiyo."

"Unazima."

"Nazima."

"Tangu lini?"

"Tangu watu wa msiba walipotawanyika."

"Na mimi jioni zote hizo naongea na nani?" Sauti ilimpanda, ingawa kwa mkewe ilikuwa midomo tu imefunguka zaidi. "Si ungesema nimekuchosha! Ungesema tu, kelele zako zimenichosha, ningekaa kimya!"

"Hujanichosha. Yote uliyosema nayajua. Yule mzee aliyetafuna betri nilicheka kweli." Alipokuwa hana mashine sikioni, sauti yake ilishuka, ikawa ya mtu asiyejua inafika wapi. "Midomo yako naiona. Sijaacha kukutazama hata siku moja."

"Basi kwa nini?"

Mkewe akakivuta kisosi, akakinyoosha kilingane na ukingo wa meza, akakiachia.

"Nikiwasha nasikia kila kitu," alisema. "Nasikia friji. Nasikia saa. Nasikia kiti chako kikilia. Mtoto wa jirani akilia nasikia. Nasikia vyote isipokuwa yeye, ndipo najua hayupo. Nikizima sisikii chochote. Basi naweza kudhani yuko chumbani kwake anaongea, kama kawaida yake, ila mimi ndiye kiziwi."

Fundi alikigeuza kiboksi, kikamtazama yeye mwenyewe.

"Nimekuwa kiziwi tangu mtoto, Baba Chiriku," mkewe alisema. "Sikuwahi kuushukuru uziwi wangu. Sasa usininyang'anye."

Baba Chiriku. Alikuwa hajaitwa hivyo tangu msiba, na jina lilimwingia mbavuni. Yeye alikuwa amelificha jina lile kwa hofu, na mwenzake alikuwa nalo wakati wote, amelitunza. Aliichukua betri kutoka kwenye tundu, akairudisha kwenye mashine, na kilango akakiacha wazi, kama mkewe anavyotaka. Chai ilikuwa imepoa. Waliinywa hivyohivyo.

Usiku huo hasira ilikuwa imeondoka, na ilipoondoka haikumwachia kitu cha kushika. Hakuweza kumlaumu. Angekuwa yeye ana kilango sikioni cha kufungua, angekifungua zamani. Lakini yeye masikio yake yalikuwa mazima, hayana pa kuzimia. Kila jioni alisikia waziwazi kwamba hakuna aliyeitika.

Jumatatu alirudi kazini kama kawaida. Mkewe alikuwa jikoni, amegeukia jiko, mgongo kwa mlango. Fundi aliinama kufungua kamba za kiatu, na alipokuwa ameinama neno likamtoka, bila ruhusa, kwa sauti yake ileile ya miaka yote:

"Chiriku wa baba!"

Akashtuka hata akashika ukuta. Alimtazama mkewe. Mgongo haukutikisika, mwiko uliendelea kuzunguka sufuriani. Hakusikia. Fundi akavua kiatu cha pili kwa kishindo, akakohoa, akaanza kuimba kwa pua, akaanza kumsema mwenye duka, chochote cha kuziba mahali pale ambapo "Abee" ingekaa. Kisha akaenda bafuni, akafungua bomba, akalia mpaka akachoka.

Lakini kesho yake aliita tena. Na keshokutwa. Alijiona mwizi, anaiba nyuma ya mgongo wa mtu, lakini hakuacha. Lile jina lilikuwa limekaa kifuani mwake kama mfupa, na kila alipolitoa alipumua kidogo. Ila kila mara alifanya vilevile: anaita, papo hapo anatupa kiatu, anapiga makofi ya kukung'uta vumbi, anajisemesha. Hakuacha upenyo hata wa pumzi moja. Angeuacha, ukimya ungemjibu, na hilo hakuliweza.

Kisha, mezani, aligusa bega la mkewe, wakatazamana, akamsimulia habari za duka kwa midomo mizuri, mikubwa, inayosomeka. Mkewe hakumficha kitu tena, au ndivyo alivyodhani.

Jumamosi moja mshale haukuruka. Ulitetemeka, ukalala kwenye nyekundu. Fundi hakulifikiria sana. Betri ile ilikuwa kongwe, na hizi za hewa, ukishazibandua, hufa tu hata ukizikalia. Akabandua mpya, akaipa nafasi yake, akaipima, ikaenda kijani, akaitia. Kilango akakiacha wazi.

Jumamosi iliyofuata mkewe alivua mashine, akaiweka kwenye kisosi. Fundi akakishusha kiboksi, akakifuta, akaitoa betri na kuiweka kwenye tundu.

Nyekundu.

Akaitoa, akaifuta kwenye shati, akaitia tena. Mshale ulipanda kidogo tu, ukafika pale Chiriku alipovushia kijani chake, upana wa ukucha, mahali ambapo Fundi pekee alijua kwamba ni uongo. Kisha ukashuka taratibu, ukalala.

Betri mpya. Wiki moja. Hakukuwa na hesabu nyingine. Ilikuwa imefanya kazi kutwa, siku zote, tangu asubuhi hadi kulala. Damu ilimpanda usoni. Alikumbuka kila jioni ya wiki ile, mlangoni, ameinama, na ule mgongo jikoni uliotulia mno.

Aliinua macho. Mkewe alikuwa akimtazama midomo, anasubiri.

"Umekuwa ukisikia," alisema.

"Nimesikia."

"Tangu lini?"

"Nilikuona kwenye kioo cha dirisha la jikoni. Umeinama, mdomo umefunguka kama zamani. Nikajiuliza huyu anasema nini mlangoni siku hizi, mbona akija mezani hakisemi. Siku ya pili nikawasha."

"Nisamehe," Fundi alisema. Machozi yalikuwa yamemjaa, na hakuyafuta. "Ulikuwa na pako pa kupumzikia, nami nimekwenda kukuvurugia. Nilidhani husikii. Naapa nilidhani husikii. Nitaacha."

"Usiache."

Alimshika mkono, ule wenye betri iliyokufa katikati ya vidole.

"Nakaa jikoni tangu saa kumi nikikungoja uite," alisema. "Hata friji naivumilia. Ila una haraka, Baba Chiriku. Unamwita, halafu unaanza kutupa viatu. Humpi nafasi ya kuitika."

Midomo ya Fundi ilicheza bila sauti, na mkewe aliisoma, akatikisa kichwa kwamba ameelewa.

"Ndiyo," alisema, "mimi ndiye Mama Chiriku. Weka nyingine."

Akachukua betri mpya. Kibandiko kikamgomea mara mbili kabla ya kutoka. Akaiweka kwenye kisosi, mgongo juu, ivute hewa. Mlango wa chumba cha binti yao ulikuwa wazi nusu, kama alivyouacha mwenyewe. Wakakaa, mikono mezani, wakisubiri.